Kuunda Mhusika wa Hali ya Chini: Nafula, Mfinyanzi wa Kando ya Mto Sio

Kufikia mwisho wa somo hili, mwanafunzi, unatarajiwa uweze kumbuni mhusika mmoja kamili, kumpa kauli na matendo yanayomfaa, na kueleza sifa na dhima yake kama utakavyotakiwa kufanya katika karatasi ya fasihi, 102/3. Ujuzi huo huo utakufaa katika insha ya kubuni, hasa pale unapotakiwa kuandika kisa cha kudhihirisha methali. Utahitaji daftari, wenzako watano na vizibo vinne vya soda.

Kwa nini kuunda mhusika, ilhali mtihani unataka uchambue wahusika walioundwa na wengine? Kwa sababu aliyewahi kufinyanga chungu hatakiangalia tena chungu cha mwenzake kwa jicho la mgeni. Wanafunzi wengi huorodhesha sifa kama watu wanaosoma bei dukani: mnyenyekevu, mvumilivu, mwenye bidii, mwenye mapenzi ya dhati. Ukiwauliza sifa hiyo inaonekana wapi katika kitabu, wananyamaza. Ukimuunda mhusika wewe mwenyewe, utajua kwamba sifa haianzi kama neno. Huanza kama jambo ambalo mtu alilitenda siku fulani, mahali fulani, na angeweza kutenda vingine.

Mchezo wenyewe

Tutatumia mchezo wa kuigiza nafasi. Wanafunzi sita huketi kwa duara. Mmoja huwa msimulizi. Yeye ndiye anayeijua nchi ya hadithi: mito yake, mvua yake, mazimwi yake na watu wote wasio na mwigizaji. Watano waliobaki kila mmoja huunda mhusika wake na kutaja anachotenda: "Navuka mto." "Nafunga mlango." "Namwambia mjumbe aondoke." Jambo likiwa na shaka, vizibo hurushwa, vitatu au vinne vikilala mdomo juu, jambo limefaulu. Hakuna anayekariri maneno yaliyoandikwa na mtu mwingine. Ploti huzaliwa kutokana na uamuzi wa wahusika, nawe unaiona ikizaliwa.

Nchi yetu ni ya kale. Ina watemi, au wami kama wanavyoitwa huku kwetu, ina wapiganaji wa mikuki, waganga, na mazimwi uliyoyazoea katika ngano. Tuiweke katika karne ya 15, kando ya Mto Sio, ambao leo unapita katika Kaunti ya Busia ukielekea Ziwa Viktoria. Wakati huo hapakuwa na Kenya wala Uganda. Mpaka tunaouona Busia na Malaba, wenye malori yaliyopanga foleni, ni wa juzi tu ukilinganisha na umri wa mto huu. Hata mwaka 1901 sehemu hizi zilihesabiwa kuwa Uganda. Zilihamishiwa upande wa pili mwaka 1902 kwa uamuzi wa Waingereza. Kwa hiyo mhusika wako akivuka kwenda kuuza vyungu upande wa magharibi, havuki mpaka wa nchi. Anavuka maji.

Nimeuongoza mchezo huu mara nyingi, na kila mara kikundi huanza vile vile. Wa kwanza anataka kuwa shujaa. Wa pili shujaa vilevile, ila mwenye upinde. Wa tatu ni mganga, wa nne mwana wa mtemi aliyepotea, wa tano jasusi. Nchi nzima ina mashujaa watano na hakuna hata mmoja anayejua chakula cha jioni kitapikiwa ndani ya nini.

Kosa langu mwenyewe

Miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja ya sehemu hizi za Marachi, msichana mmoja alichagua kuwa mfinyanzi. Wenzake walicheka kidogo, si kwa ubaya. Katika maelezo ya mhusika wake aliandika sentensi hii: aligonga chungu kwa kidole, kikalia, akakiweka upande wa vile vya soko. Mimi, kwa kalamu nyekundu, nikachora mstari chini ya neno "kikalia" na kuandika pembeni: Chungu hulia? Nikaendelea na daftari la mwingine.

Wiki iliyofuata alinipa maelezo mapya. Mfinyanzi wake sasa alikuwa mjane, maskini, mpole, mnyenyekevu, mwenye kulia kila usiku akimkumbuka mumewe. Chungu hakikulia tena. Mwenye chungu ndiye aliyelia. Kilikuwa Kiswahili safi, hakikuwa na kosa la sarufi hata moja, na hakikuwa na mtu ndani yake.

Nilielewa nilichoharibu siku nilipompitia nyumbani kwao kwa shughuli nyingine kabisa. Nyanya yake, kukhu kama wanavyosema, alikuwa ameketi penye kivuli na vyungu sita mbele yake, vyeusi kwa masizi ya moto wa asubuhi. Akagonga cha kwanza kwa kifundo cha kidole. Kikatoa sauti ndefu, kama kengele ndogo. Akagonga cha pili: sauti fupi, butu, kama ya ubao. Akakitenga bila kukiangalia mara mbili. Kilikuwa na ufa ambao jicho langu halikuuona. Chungu kizima hulia, mwalimu, akaniambia, kilichopasuka hunyamaza.

Mjukuu wake alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameandika jambo ambalo katika darasa lote ni yeye pekee aliyelijua, nami nikamfanya alione haya. Ninakueleza haya ili usiusubiri wino mwekundu ukuambie kwamba unalolijua kutoka nyumbani halifai kuingia katika fasihi. Ukiwa na hakika nalo, liandike, na mwalimu akiuliza, mweleze.

Anza na kazi

Sasa tumuunde mhusika. Jina lake ni Nafula. Jina hili hupewa msichana aliyezaliwa wakati wa mvua, na kwa mfinyanzi mvua ni adui wa siku ya kuchoma. Usilieleze zaidi ya hapo. Majirani watamtania wenyewe mchezo ukianza.

Kabla ya kuandika sifa hata moja, ijue kazi yake hatua kwa hatua. Udongo wa kufinyanga hauchotwi popote. Hutafutwa mabondeni na kandokando ya mito, chini ya tabaka la juu lenye mizizi, na mfinyanzi huujaribu kwa kuusokota kama kamba nyembamba: ukikatika, hauna mnato wa kutosha. Huuchukua nyumbani, huuloweka, huuondolea vijiwe, kisha huukanda kwa mikono au kwa miguu mpaka hewa yote itoke. Huchanganya mchanga, au vigae vya vyungu vya zamani vilivyosagwa, ili chungu kisipasuke kikikauka na kikikutana na moto. Zingatia hilo la vigae. Chungu kilichovunjika hakitupwi. Huingia tumboni mwa chungu kipya.

Hana gurudumu la kufinyangia. Hutengeneza kitako, kisha huviringisha udongo kuwa kamba nene na kuzipandisha moja juu ya nyingine kwa duara, akizibana kwa vidole na kuzilainisha kwa kipande cha kibuyu. Yeye ndiye gurudumu: chungu kimetulia, mwanamke anakizunguka. Akimaliza shingo, husugua mwili wa chungu kwa kokoto laini ya mtoni. Kokoto nzuri huweza kurithiwa na binti kutoka kwa mama.

Kisha husubiri. Chungu hukaushwa kivulini, polepole, kwa siku nyingi. Juani kingekauka nje kabla ya ndani na kupasuka. Hapa ndipo penye roho ya kazi hii na ndipo tutakapoipata roho ya Nafula. Chungu chenye unyevu kikiingia motoni, maji yaliyo ndani ya udongo hugeuka mvuke, mvuke hutafuta njia, na chungu hulipuka. Wala hakilipuki peke yake, bali huvunja na vya jirani. Kazi ya wiki tatu hupotea kwa haraka ya asubuhi moja. Kuchoma hufanywa wazi, bila tanuri: vyungu hupangwa, hufunikwa kwa kuni, nyasi na mavi makavu ya ng'ombe, na upepo huangaliwa kuliko kitu kingine chochote.

Umeona? Bado hatujaandika sifa, lakini tayari tunamjua mtu ambaye kazi yake imemfundisha kutokimbilia mambo, kuamini ngozi ya mkono wake kuliko maneno ya watu, na kutotupa kilichovunjika.

Enzi yake na vitu vyake

Mtahini mzuri, na msimulizi mzuri pia, hunusa mara moja kitu kisicho cha enzi yake. Nafula wa karne ya 15 hasongi ugali wa mahindi. Mahindi, mihogo, viazi vitamu, njugu karanga, nyanya na tumbaku vilitoka mabara ya Amerika na kufika Afrika baada ya safari za Wazungu kuanzia mwaka 1492. Yeye anasonga ugali wa wimbi au wa mtama, anakula kunde, mboga za kienyeji, njugu mawe, ndizi, samaki wa mtoni. Busaa yake ni ya wimbi na mtama, nayo hunywewa kwa mirija mirefu, wazee wakiketi kukizunguka chungu kimoja kikubwa. Hana sufuria, hana kibiriti, wala hana jerikeni ya manjano, ambayo ndiyo iliyoufukuza mtungi katika boma nyingi leo.

Hana sarafu pia. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki bei ya chungu ilikuwa nafaka inayokijaza. Mnunuzi huleta mtama, hujaza chungu, mfinyanzi huchukua mtama, mnunuzi huchukua chungu. Bei hiyo haina ubishi, lakini mwenye kuunda mhusika aifikirie vizuri: mwaka wa njaa, chungu kikubwa hakinunuliki hata kiwe kizuri namna gani. Nafula anaijua njaa kabla ya mtemi kuijua, kwa sababu watu huacha kununua vikubwa na kuanza kuulizia vidogo.

Usidhani kwamba tunambuni mtu wa kazi ndogo katika historia. Mwaka 1948 Mary Leakey na wenzake walichapisha maelezo ya vyungu vya kale vilivyopatikana Urewe, katika eneo la Siaya, ambayo ni jirani ya Busia. Vingi vina kibonyeo katikati ya kitako, kana kwamba mfinyanzi alikibonyeza kwa kidole akimaliza. Vyungu vya namna hiyo vimepatikana pia Uganda, Rwanda, Burundi na kaskazini magharibi mwa Tanzania, na jina la Urewe sasa ni jina la utamaduni mzima wa watu wa kale waliofua chuma na kulima katika nchi za Maziwa Makuu. Hatujui jina la mtemi wao hata mmoja. Tulicho nacho ni alama za vidole kwenye udongo. Katika enzi zilizofuata ukaenea mtindo mwingine wa mapambo: kipande cha kamba iliyosokotwa hubingirishwa juu ya udongo mbichi na kuacha vijistari vinavyofuatana. Mpe Nafula kamba yake. Aisokote kwa namna ya mama yake, ili mtu aliye mbali, akiokota kigae njiani, aseme: hiki ni cha kwao.

Unyenyekevu si kukosa

Sasa tufike kwenye neno lenyewe, kwa kuwa ndilo linalowaponza wengi. Mwanafunzi akiambiwa aunde mhusika mnyenyekevu, humnyang'anya kila kitu: mume, chakula, sauti, na mwishowe akili. Anachobaki nacho ni mtu wa kuhurumiwa. Mhusika wa namna hiyo ni bapa. Hawezi kutushangaza kwa sababu hana cha kuamua.

Chukua methali uliyoisikia tangu shule ya msingi: mfinyanzi hulia gaeni. Katika insha nyingi nilizosahihisha hufafanuliwa kwamba mfinyanzi ni mtu asiyejijali, au bahili. Waweza kuitetea fasiri hiyo. Lakini iangalie kwa jicho la Nafula. Vyungu vinavyolia vinakwenda sokoni, maana ndivyo vinavyorudi na mtama. Kilichonyamaza hakiwezi kuuzwa kwa mtu mwaminifu, nacho bado kina nusu nzima. Anakula humo. Si kwamba hana kizuri; anavyo sita. Amechagua kizuri kiende wapi. Unyenyekevu wake ni uamuzi, na uamuzi ndio unaomfanya mhusika awe duara.

Kwa hiyo mpe Nafula kitu ambacho hatakubali kukitoa. Mimi ningempa hiki: hauzi chungu kilichonyamaza, hata kwa mwenye shida anayesema atakichukua hivyo hivyo. Mpe pia deni. Deni ni zuri kuliko historia ndefu ya utotoni ambayo hakuna atakayeisoma. Wasamia, majirani wa kusini magharibi, wamejulikana tangu zamani kwa kuyeyusha na kufua chuma cha vilima vyao. Basi Nafula alichukua jembe kwa mhunzi wa vilimani na kuahidi vyungu viwili vikubwa kabla ya mavuno. Kwa deni hilo moja umeshamfunga kwa wenzako: mkuki wa shujaa umetoka kwa mhunzi yule yule, na mganga hana pa kuchemshia dawa zake isipokuwa kwa Nafula. Ukiulizwa dhima ya mhusika katika mtihani, jiulize kwanza swali hili: akiondolewa, nani atakwama?

Kauli

Mhusika hujulikana kwa anavyosema, na zaidi kwa anavyosema na mkubwa wake. Katika kikundi kimoja msimulizi alimleta mjumbe wa mtemi, kijana, saa ya jua kali. Mtemi amefanya suluhu na adui zake na anataka chungu cha karamu. Haya ndiyo waliyosema:

MJUMBE: Mama, mtemi anataka chungu kikubwa kesho jioni.

NAFULA: Karibu kivulini, mwanangu. Umetembea. Kunywa maji kwanza.

MJUMBE: Sikuja kunywa maji. Chungu kile pale si tayari?

NAFULA: Njoo uweke mkono hapa, kwenye kitako. Unahisi nini?

MJUMBE: Baridi.

NAFULA: Basi bado kina maji. Nikikichoma leo, kesho mtemi atapokea vigae mbele ya wageni wake. Mwambie siku nne. Na umwambie hivyo hivyo, usinipunguzie wala usiniongezee.

MJUMBE: Akikasirika?

NAFULA: Atakasirika siku nne.

Soma tena uone Nafula hakufanya nini. Hakupandisha sauti. Hakujisifu kwamba yeye ndiye mfinyanzi bora wa mto mzima. Hakulia. Hakusema neno moja kuhusu umaskini wake. Alimwita mgeni kivulini na kumpa maji, kama mama yeyote wa huku angefanya, kisha akaukamata mkono wa kijana na kuuweka penye ukweli. Sasa, na sasa tu, una haki ya kuandika: Nafula ni mkarimu; Nafula ana msimamo; Nafula ni mwerevu. Kila sifa ina ushahidi wake, na ushahidi huo ndio unaoleta alama. Jibu kamili lingekuwa hivi: "Nafula ni mwenye msimamo. Anakataa kuchoma chungu kibichi ingawa mjumbe anamdokezea kuwa mtemi atakasirika, naye anataja siku nne bila kuzibadilisha." Ukiishia kwenye neno "msimamo", umetaja sifa bila kuithibitisha.

Waandishi wa vitabu vya kutahiniwa wanaifanya kazi hii hii, ila wameificha vizuri zaidi. Wenzenu waliowatangulia walisoma Kigogo ya Pauline Kea. Humo mna Sudi, mchongaji wa vinyago. Hana cheo wala mali, na tunakutana naye karakanani akiwa na wachongaji wenzake. Utawala wa Majoka unataka achonge kinyago kwa ajili ya sherehe zake, naye anakataa kazi yenye malipo. Hatukuhitaji kuambiwa kwamba Sudi ni mwanamapinduzi. Tulimwona akichagua mkono wake utachonga nini na hautachonga nini. Unaposoma tamthilia na riwaya ya mwaka wako, tafuta mahali ambapo mtu wa hali ya chini anaombwa jambo na mwenye nguvu. Weka alama pembeni mwa ukurasa huo. Maswali ya dondoo hupenda sana kurasa za namna hiyo.

Uchawi kidogo

Ngano zetu zina mazimwi na miujiza, na mchezo huu haukatazi. Ninachokataza ni muujiza unaomwokoa mhusika asiamue. Chungu kikijaa wimbi chenyewe kila asubuhi, Nafula hana tena kazi, na sisi hatuna hadithi. Muujiza utoke ndani ya kazi yake na uwe na gharama.

Kikundi nilichokitaja kilikubaliana hivi: katika nchi hiyo, neno likisemwa ndani ya chungu kibichi kabla ya kuchomwa, hubaki humo, na hutoka siku chungu kitakapovunjika. Hutoka mara moja tu. Hivyo ukitaka kusikia, huna budi kuvunja.

Kisha msimulizi, ambaye alikuwa kijana mkimya kuliko wote, akaleta jambo ambalo mimi sikulitarajia. Koo mbili zinagombania bonde la udongo. Mikuki imeshatoka nyumbani. Wazee wanasema kwamba miaka thelathini iliyopita mpaka wa bonde ulitajwa na mzee wa koo zote mbili, akautamka ndani ya mtungi mmoja mbichi, mbele ya mfinyanzi wa wakati ule. Mfinyanzi huyo alikuwa mama yake Nafula. Ameshafariki. Mtungi ungali nyumbani kwa Nafula, ndio anaouchotea maji, na ndani yake, kabla ya maneno ya mzee, kuna kicheko cha mama yake alipokuwa akimaliza shingo. Akiuvunja, vita vitakoma. Atamsikia mama yake akicheka, kisha hatamsikia tena, na mtungi wenye kamba ya mama yake utakuwa vigae.

Shujaa alisema: vunja. Mganga alisema: subiri, tuzungumze nao kwanza. Mwana wa mtemi akataka kuununua. Walibishana mpaka nusu ya kipindi cha pili, na kwa mara ya kwanza mashujaa hawakuwa na la kufanya isipokuwa kumtazama mfinyanzi.

Nafula siku hiyo aliigizwa na msichana yule wa sentensi niliyoichorea mstari. Alikaa kimya muda. Kisha akamuuliza msimulizi kama anaweza kuugonga kwanza, kwa kidole, kabla ya kuamua.

"Unalia," msimulizi akajibu.

Kengele ya chakula cha mchana ikapigwa. Wiki iliyofuata waliendelea. Alichoamua sikiandiki hapa, maana swali la tano linakuhusu wewe.

Zoezi

1. Taja hatua mbili za kazi ya ufinyanzi zinazoweza kutumiwa kujenga taharuki katika hadithi, na ueleze jinsi ya kuzitumia. (alama 4)

2. Eleza sifa tatu za Nafula kwa kurejelea mazungumzo yake na mjumbe wa mtemi. Usitumie sifa zilizotajwa tayari katika somo hili. (alama 6)

3. "Basi bado kina maji." Eleza muktadha wa dondoo hili. (alama 4)

4. Chagua mhusika mmoja wa hali ya chini katika tamthilia au riwaya unayoisoma mwaka huu. Onyesha nani angekwama kama mhusika huyo angeondolewa. (alama 6)

5. Koo mbili ziko nje ya boma la Nafula, mtungi uko mikononi mwake. Andika kinachofuata kwa maneno yasiyopungua 400. (alama 20)

6. Kazi ya kikundi: kila mmoja amuulize mtu mzima wa nyumbani kwao, awe mshonaji, fundi wa baiskeli, msusi wa mikeka au mvuvi, anajuaje kwamba kitu alichokitengeneza au alichokipata ni kizima. Andikeni majibu kwa maneno yao wenyewe, hata kama yanaonekana kuwa makosa ya Kiswahili.